Namba Iliyovaa Kanga

Gari ya Gharib Ame ilizuiliwa Tunguu, jua la utosi, kwa kosa la kuziba kibao cha namba kwa kanga. Nyuma ya kanga hiyo alikuwamo mwanawe Tabia, ana uchungu tangu jana yake, na mkono wa mtoto umetangulia.

Kosa la kanga Koplo Bakar aliliona kutoka mbali. Habari ya Tabia hakuna aliyemwambia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, msimu wa karafuu, na Pemba ilizaa mwaka ule mpaka matawi yakakatika. Wanaume wa Jambiani, kusini mwa Unguja, walivuka kwenda kuchuma, na Mkadam, mume wa Tabia, alikuwa mmoja wao. Kijijini walibaki wanawake, wazee, na wachache wenye kazi zao. Gharib alikuwa na kazi. Aliendesha gari ya mizigo ya tajiri mmoja wa Mlandege, akikusanya kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, ambazo wanawake wa pwani ile wanazisokota, akizipeleka mjini. Alikuwa mtu mkavu, hajui kubembeleza, na mkewe alipofariki alimlea Tabia kwa ukavu huohuo. Hakuwa na mtoto mwengine.

Asubuhi ile Bi Mwanakheir, mkunga, alitoka ndani akimwita kwa sauti ya chini.

"Gharib."

"Naam."

"Washa gari."

"Kuna nini?"

"Mtoto kakingama. Mkono umetoka, kichwa kiko ubavuni. Nimegeuza usiku kucha, hageuki. Hili si langu tena, la daktari."

Gharib akageuka kwenda. Bi Mwanakheir akamshika mkono.

"Na mdomo wako ufunge. Nipe ahadi."

Hakuhitaji kuelezwa. Uchungu hautangazwi, kila mtu wa pwani ile anajua. Mwanamke akishikwa, ajue mkunga, ajue mamake, ajue Mungu. Kila sikio linaloongezeka linamzidishia mzazi taabu, na jicho moja baya linatosha kumfunga mtoto asitoke. Tabia mwenyewe alikuwa ushahidi. Mimba yake ya kwanza jirani alipita njiani akapiga kelele za kumwombea heri, kabla ya adhuhuri mtaa mzima ukajua, na magharibi mtoto akatoka maiti. Gharib ndiye aliyemzika. Kwa hivyo Bi Mwanakheir alipotaka ahadi, aliitoa kwa moyo wake wote.

"Simwambii mtu mpaka mtoto alie."

Walipanga mabunda ya kamba pembeni, katikati wakaacha nafasi kama chumba, wakatandika godoro la sufi. Utingo aliambiwa leo hakuna safari, akaenda zake kulala. Tabia alibebwa na kutiwa humo akiwa amefunikwa gubigubi, mtu angedhani ni furushi. Turubali halikufika nyuma, lilipungua kama urefu wa mkono, na pale mpita njia angeona kila kitu. Bi Mwanakheir akavua kanga yake ya juu, akachukua na ya Tabia, akazifunga pamoja zikawa pazia, na ncha za chini akazikaza kwenye mnyororo wa mlango wa nyuma.

Gharib alizunguka akalivuta lile pazia. Lilikaa imara. Alichungulia kulia, akachungulia kushoto, hakuona kitu cha ndani, akaridhika. Namba ilikuwa chini yake. Namba hakuifikiria. Nani anayefikiria namba?

Barabara ya kutoka Jambiani siku zile ilikuwa mawe matupu. Akienda mbio gari inaruka, na kila inaporuka anajua nani anaumia. Akienda pole saa zinamkimbia. Akawa anakwenda mbio akijilaumu, halafu anapunguza akijilaumu. Kitogani alisimama, akashuka, akaweka mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Vipi humo?"

"Twende," alijibu Bi Mwanakheir.

"Tabia?"

Tabia hakujibu. Alikuwa ameuma kitambaa kilichokunjwa mara nne, na hakutoa hata mguno. Wanawake wa ukoo wao hawalii uzazini. Bibi yake hakulia, mama yake hakulia, na mwanamke anayelia husemwa yeye na binti zake mpaka wajukuu. Gharib mwenyewe alikuwa akijisifu barazani: mke wangu alizaa chumba cha pili, mimi nimekaa nakunywa kahawa, sikujua mpaka nikasikia mtoto. Tabia alikuwa akiyasikia hayo tangu mdogo.

Gharib alirudi kwenye usukani akakanyaga.

Tunguu palikuwa na mwanzi umelazwa juu ya mapipa mawili. Msimu wa karafuu askari walikuwa wakisimamisha magari yote kwa ajili ya magendo. Gari ya abiria ya Makunduchi ilikuwa imeshateremshwa watu wake, wamejipanga kando ya njia na vikapu vyao. Inspekta, Mzungu mwenye shingo nyekundu, alikaa kivulini ubavuni mwa gari yake. Kazi ilifanywa na Koplo Bakar, mtu wa mjini, mnene, ambaye kila dereva alimjua kwa maskhara yake. Alikuwa haandiki kosa mpaka kwanza achekeshe watu.

Alizunguka nyuma ya gari ya Gharib, akasimama, akashika kiuno.

"Ee bwana wee! Njooni muone! Gari imejitanda!"

Abiria wakacheka. Bakar akainama akasoma maandishi ya kanga kwa sauti, kama anayesoma khutba. "Jirani tazama kwako. Bwana Inspekta, namba ya gari hii ni Jirani Tazama Kwako! Niandike hivyo hivyo?"

Kicheko kikazidi. Gharib alikuwa ameshashuka.

"Koplo, nisamehe, yakhe. Nina haraka. Niandikie kosa nende zangu, nitakuja kulipa."

"Haraka ya nini? Umebeba nini?"

"Kamba."

"Kamba nazo siku hizi zinavaa kanga?" Bakar alizunguka mbele, akafungua hiki, akagonga kile. Tangi la petroli lilikuwa limezibwa kwa gunzi la muhindi. Alilichomoa akawaonyesha watu. "Na huku inakula mahindi! Gharib, hii gari au ng'ombe?"

"Kifuniko kilipotea. Andika na hilo. Andika yote, nipe nende."

Hapo ndipo Bakar alipoacha kucheka. Dereva wa kweli hubisha. Dereva anayekubali makosa yote kabla hayajaandikwa ana jambo. Alirudi nyuma akanyoosha mkono aifunue kanga, na Gharib akamdaka kifundo cha mkono.

"Usifunue."

"Niache mkono."

"Nakuomba. Usifunue."

Mabunda ya usumba yaliyorowekwa pwani yananuka matope, na harufu ile ilifunika kila harufu nyengine. Lakini kanga ilitikisika, na upepo haukuwapo.

"Kamba zako zinapumua," alisema Bakar polepole. "Mficha uchi hazai, mzee. Sema umechukua nini."

Gharib aliangalia watu. Walikuwa wamesogea, na mbele yao wote alisimama Kidawa. Mtaani kwao Jambiani, Kidawa alikuwa ndiye gazeti. Habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana imefika Paje. Tena wanawake walisema jicho lake si zuri, na wenye mimba walikuwa wakipita njia ya nyuma wasikutane naye. Alikuwa amekwenda Makunduchi mazikoni, kutoka huko akapanda gari ya kwenda mjini, na sasa Mungu amemleta hapa, shingo imemtoka kama kuku anayetazama kisimani.

"Kuna wanawake wangu humo," alisema Gharib. "Nawapeleka mjini. Wamejisitiri."

"Abiria ndani ya gari ya mizigo. Kosa la tatu. Washuke."

"Hawawezi kushuka."

"Kwa nini?"

"Mmoja mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Homa."

Inspekta alikuwa ameshafika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, lakini neno homa alilijua. Mwaka ule ndui ilisemwa imeonekana bara, na yeye alikuwa ameambiwa aitazame.

"Homa gani? Vipele iko?"

Gharib alifikiri upesi, na alifikiri vibaya. Alijiambia: ndui ni kitu cha kukimbiwa. Nikisema vipo, watarudi nyuma wote, na huyu mwenye shingo nyekundu wa kwanza, wataniambia ondoka, ondoka na balaa lako. Na Kidawa hatojua kitu.

"Vipo," alisema. "Mwili mzima."

Walirudi nyuma kweli. Abiria wa Makunduchi walikimbia, vikapu vikamwagika, Bakar akafuta kile kifundo kwenye suruali yake kama kimeungua. Lakini Inspekta hakusema ondoka. Alisema gari isisogee hata inchi moja, mtu yeyote asiikaribie, na dereva akae chini mbali nao. Akamtuma askari mwenye pikipiki mjini amlete bwana afya.

Pikipiki ikatimka. Gharib aliitazama ikipotea kwenye vumbi, na akajua ametenda nini.

"Bwana Inspekta, nisikilize. Si ndui."

"Wewe sema vipele."

"Nilisema uwongo. Hana kipele hata kimoja."

"Basi ana nini?" aliuliza Bakar kutoka mbali.

Gharib akafunua mdomo. Kidawa, kule alikokimbilia, akapaza sauti: "Nani mwenye ndui? Gharib! Ndo Tabia? Mbona juzi nimemwona mzima, na tumbo lile mbele?"

Mdomo ukafungika.

"Si Tabia," alisema.

Walimkalisha chini, juani, mgongo kwenye kivuli chembamba cha mnazi. Alijaribu kwa njia nyengine. Alimwambia Bakar amruhusu aendeshe mpaka mjini na askari wamfuate nyuma, wamfunge hukohuko. Bakar alisema amri si yake. Alimwomba amwite Inspekta. Inspekta hakugeuka. Gharib akauliza, "Bakar, wewe una watoto?" Bakar akajibu, "Ninao, ndiyo maana siji huko kwako." Kila mara neno lilimfika kwenye meno, na kila mara alimwona Kidawa, na alikiona kile kifurushi kidogo alichokitia kaburini kwa mikono yake, chepesi kuliko koleo.

Gari ilisimama kimya. Hakuna aliyelia ndani yake. Mtu angekuwa anapita tu pale, angedhani imebeba kamba.

Halafu ubao ukagongwa kutoka ndani. Bi Mwanakheir hakuita, hakusema neno. Aligonga, akanyamaza, akagonga tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua.

Gharib akasimama. Ahadi ikamtoka kooni yote kwa pamoja.

"Mwanangu anazaa! Anazaa humo ndani! Tangu jana! Mtoto kakwama, wallahi kakwama, nipeni njia!"

Sauti ilifika mpaka kwenye minazi ya ng'ambo ya barabara. Watu walimtazama, na hakuna aliyesogea.

"Kwanza kamba," alisema Bakar. "Halafu wanawake. Halafu ndui. Sasa uzazi. Ukikaa kidogo utasema umebeba mwezi."

"Nenda ukatazame!"

"Nende nikapate ndui?"

"Mwanamke akizaa analia," alisema askari mwengine. "Mimi mke wangu akizaa mtaa unahama. Humo mbona kimya?"

Inspekta akaangalia gari, akaangalia saa yake. "Ngoja bwana afya," alisema.

Gharib akapiga magoti. Mtu mzima, mwenye mvi, alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wa Makunduchi na wa Jambiani, akawa anawasihi mmoja mmoja: ami, nenda utazame; bibi, nenda wewe, mtu mzima, nenda utazame tu. Walirudi nyuma hatua kwa hatua. Alijaribu kukimbilia gari, askari wawili wakamlaza kifudifudi kwa virungu, bila kumgusa kwa mikono.

Aliyekwenda ni Kidawa.

Alijifunga kanga yake kiunoni, akapita katikati ya askari kana kwamba ni vigingi. Bakar alimpigia kelele arudi. "Mimi ndui nishaugua utotoni," alisema bila kugeuka, "na wewe nshakuona mwoga." Akafika nyuma ya gari, akafungua fundo la Bi Mwanakheir, akafunua pazia, akatazama.

Alitazama kidogo tu. Alipogeuka uso wake haukuwa ule wa kubeba habari.

"Fungueni njia, mbwa nyie! Fungueni! Mtu anakufa humu na nyie mnasoma kanga!"

Bi Mwanakheir alitokeza nyuma yake, mikono ina damu mpaka viwikoni. Hilo Inspekta alilielewa bila tafsiri. Mwanzi ukatupwa kando, Gharib akainuliwa, akasukumwa kwenye usukani wake mwenyewe. Kidawa alipanda nyuma, akakaa, akakipakata kichwa cha Tabia. Bakar alirukia ubavuni mwa gari akaning'inia mlangoni, na tangu Tunguu mpaka mjini alikuwa akipiga filimbi. Walipita Mwanakwerekwe baiskeli zikiingia mitaroni. Gharib hakupunguza tena kwenye shimo wala jiwe. Aliendesha huku akisema kwa sauti, "Lia, mwanangu. Lia tu. Lia." Kelele za injini zilikuwa kubwa, na kama alimsikia au hakumsikia, Tabia hakulia.

Hospitali walimpokea mbio. Gharib alibaki kwenye ukumbi wa nje, nguo zimejaa vumbi la kulazwa chini, na Bakar alibaki naye. Haikujulikana kwa nini hakurudi kazini. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, hana maskhara hata moja. Muda ukapita, mtu mnene yule akasema:

"Angepiga ukelele mmoja. Mmoja tu, Gharib. Ningeuvunja ule mwanzi kwa meno."

"Najua."

"Kwa nini hakupiga?"

"Tumemfunza," alisema Gharib.

Bakar akatazama kofia yake. Baadaye akasema, "Na wewe ungenambia mara ya kwanza. Nilipocheka. Ungenambia wakati ule ule."

"Palikuwa na watu."

Bakar mwenyewe alizaliwa Unguja, na mamake alimzaa kwa siri kama walivyozaliwa wote.

Daktari alitoka jua limeshaegemea. Alisema kwa kifupi, kama wanavyosema. Mtoto alikuwa amekufa tumboni, si zamani. Pengine saa moja, pengine chini ya hapo. Kizazi kilikuwa kimepasuka, na wamekitoa ili wamwokoe mama. Mama ataishi. Gharib alisema ahsante. Aliisema mara mbili, halafu akakaa chini, si kwenye benchi, chini.

Kesi ilisomwa mwezi uliofuata. Inspekta hakufika. Bakar alifika, akasimama, akasema makosa yale hana haja ya kuyaendeleza, lakini yalikuwa yameshaandikwa, na kilichoandikwa kina mwendo wake. Gharib aliulizwa kama ana la kusema. Alisema hana. Hakimu akasoma.

Kwa kuziba kibao cha namba, shilingi kumi na tano. Kwa gunzi kwenye tangi, shilingi tano. Kwa kubeba abiria ndani ya gari ya mizigo, shilingi ishirini. Kwa kumdanganya askari na kumshika mkono, leseni imezuiwa mwaka mmoja. Tajiri wa Mlandege akampa mtu mwengine gari. Mkadam aliporudi kutoka Pemba na fedha zake za karafuu alikaa na mkewe mpaka mfungo wa Ramadhani, kisha akatoa talaka moja, kwa adabu, kwa kuwa alitaka watoto.

Mtoto alikuwa mwanamume, uzito ratli saba, mzima wa viungo vyote, mkono mmoja umevimba. Alizikwa mjini kwa sababu gari ya Gharib ilishikiliwa na polisi, na nyengine ya kumrudisha Jambiani haikuwapo. Tabia alikuwa na miaka ishirini na mbili.